Maneno ya Bahasha ya Dawa: Kutwa, Saa na Baridi Yabisi

Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza, pamoja na Serikali ya Tanganyika, kazi kubwa huko Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Palijengwa shule ya sekondari, chuo cha kuwafunza wakulima, na kituo cha afya mahali paitwapo Tumbi. Januari 1970 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ikawa Shirika la Elimu Kibaha. Na kile kituo kimekua hata leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wengine. Nitakalo mimi kulichunguza ni jambo dogo zaidi, nalo ni maneno yaandikwayo juu ya bahasha ya vidonge apewayo mgonjwa dirishani.

Yapendeza kuona kwamba Kibaha na dawa nitakazozitaja ni za rika moja. Aspirini ilikuwako tangu mwaka 1899, ilipotolewa na kampuni ya Bayer. Lakini ibuprofeni ilipatikana Uingereza katika kampuni ya Boots mwaka 1961, ikaanza kutolewa kwa cheti cha daktari mwaka 1969. Na diklofenaki ilitoka kwa Ciba-Geigy wa Uswisi miaka ya 1970. Mwaka 1971 John Vane alieleza huko London jinsi dawa za namna hii zifanyavyo kazi: huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na maumivu. Ila prostaglandini hizohizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu ipite vema katika figo. Basi nafuu na madhara huingia kwa mlango mmoja.

Kiswahili kilizipokea dawa hizi kikiwa tayari na elimu yake ya maradhi. Maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na jina hilo latokana na utabibu wa kale wa Wayunani, uliotufikia kwa mikono ya Waarabu, ambao ulipima kila ugonjwa kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Wazungu kwa upande wao waliyaita maradhi ya uvimbe kwa neno la Kilatini litokanalo na moto. Sisi twasema “dawa ya kupunguza uvimbe”, naye mzee ambaye goti lamuuma pasipo kuvimba hudhani dawa hiyo si yake. Kwa hiyo vyote vimekusanywa chini ya jina moja pana, “dawa ya maumivu”, kisha vikagawanywa tena kwa viungo vya mwili: hii ya mgongo, hii ya magoti, hii ya kichwa. Hapo ndipo penye hatari. Mkulima wa Kibaha aliyepewa diklofenaki ya magoti hospitalini hununua dukani aspirini au ibuprofeni ya kichwa, akazimeza zote siku moja kwa moyo safi, kwa kuwa lugha imemwambia ni dawa mbili mbalimbali. Tumbo halijui tofauti hiyo. Laiti kichwa kingetulizwa kwa parasetamoli, ambayo si ya ukoo huu.

Hata jina la duka lina lake. Duka lililoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti liliitwa duka la dawa baridi. Tangu mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, palianzishwa duka la dawa muhimu lishike nafasi yake. Neno “baridi” laonekana pole, lakini aspirini, baridi kama iitwavyo, yaweza kutoboa tumbo.

Na tuje kwenye hesabu. “Kutwa mara tatu” ni fungu lililozoeleka hata halisikiki tena. Asili yake ni jua kutwa, au kuchwa, kama vile kucha ni kwa alfajiri. Twasema mchana kutwa na usiku kucha. Kwa maana yake halisi, basi, kutwa hukoma jua litwapo. Mwandishi wa bahasha alikusudia mchana na usiku pamoja, saa ishirini na nne. Lakini ajuaye lugha ya wazee aweza kumaliza vidonge vyake vitatu kabla ya magharibi, kisha maumivu yakimwamsha usiku akaona kwamba usiku una hesabu yake mbali. Diklofenaki ya miligramu 50 haipaswi kuzidi vidonge vitatu kwa mchana na usiku wote.

Wengine wameandika “kila baada ya saa 8”, wakatumbukia shimo jingine, maana saa nane kwetu ni wakati unaojulikana, baada ya adhuhuri na tena usiku wa manane. Walimu wetu wa sarufi hukataza “masaa”. Nami nimekataza mara nyingi, lakini juu ya bahasha ya dawa nakubali kushindwa: “kila masaa manane” haliwezi kusikika kuwa ni saa nane. Ajabu ni kwamba “kila saa 12” ni salama vyovyote lisomwavyo, kwani saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni zimeachana kwa masaa kumi na mawili kamili.

Limebaki “baada ya kula”. Aliyekunywa chai na mihogo asubuhi husema amekunywa chai, hasemi amekula. Hivyo huahirisha kidonge hata mchana. Na katika Ramadhani neno hilo halitoshi mpaka litajwe futari na daku.

Kama ningeombwa kuandika bahasha hiyo, ningeandika hivi: “Meza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ukiisha kutia kitu tumboni, usitafune. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu bila kuuliza. Mwambie daktari kama una mimba, pumu, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo au wa figo. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa, urudi hospitali siku hiyohiyo.” Bahasha ni ndogo, najua; lakini ina upande wa pili, nao mara nyingi huachwa mtupu.