Wagonjwa Wasiotaka Kupona

Kuna utani wa zamani wa Waingereza. Mtu kakutwa na mkuki umemzama kifuani, ncha imetokeza mgongoni. Anaulizwa, unauma? Anajibu: nikicheka tu. Eric Chappell aliuchukua utani huo akaufanya jina la vichekesho vyake vya televisheni, Only When I Laugh, vilivyotengenezwa na Yorkshire Television na kurushwa na ITV kuanzia Oktoba 1979 hadi Desemba 1982. Jumla ni vipindi 29, na karibu vyote vinatokea katika wodi moja ya hospitali.

Wagonjwa wenyewe ni watatu. Roy Figgis (James Bolam) ni dereva wa lori, mjuaji wa kila ugonjwa, na akisikia dalili ya mwenzake tayari anayo yeye. Archie Glover (Peter Bowles) ni mtu wa tabaka la juu, mwenye lafudhi ya kujisikia. Norman Binns (Christopher Strauli) ni kijana mpole, kwa hiyo ndiye anayeonewa na wote wawili. Juu yao yupo daktari wa upasuaji, Gordon Thorpe (Richard Wilson), ambaye angefurahia sana kazi yake kama isingekuwa na wagonjwa.

Kipindi cha kwanza kinaitwa A Bed with a View. Mpenzi wa riwaya atatabasamu, maana hapo Chappell anaitania A Room with a View ya E. M. Forster, ya mwaka 1908. Kwa Forster, watalii wa Kiingereza wanagombea chumba chenye mandhari huko Florence. Kwa Chappell, mandhari yenyewe ni ya kitandani.

Chappell hakuwa mgeni wa mbinu hii. Kabla ya hapo aliandika Rising Damp, kuhusu mwenye nyumba mbahili na wapangaji wake. Siri yake ni ile ile: wafungie pamoja watu ambao wasingechaguana, kisha waache waongee. Ila mpangaji akichoka anaweza kuhama. Mgonjwa ataenda wapi na pajama zake?

Lakini jiulize, dereva wa lori na bwana mkubwa wanakutanaje kwenye wodi moja? Hapo ndipo historia inapoingia. Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, maarufu kama NHS, chini ya waziri Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales ambaye naye aliingia mgodini akiwa bado mtoto. Kabla ya siku hiyo watu wengi waliugulia nyumbani wakiogopa bili ya daktari. Baada ya hapo mgonjwa alitibiwa bila kulipa, gharama zikabebwa na kodi ya wote. Mwaka 1951 serikali ilipotaka watu wachangie meno ya bandia na miwani, Bevan alijiuzulu. Kwa meno ya bandia tu, jamani? Lakini yeye alijua mlango ukishafunguliwa kidogo, kuufunga tena ni kazi.

Na hapa ndipo nilipo na hoja yangu. Vichekesho hivi vinasimama juu ya jambo moja ambalo halisemwi sana humo ndani: hakuna anayedaiwa. Figgis anang'ang'ania kitanda kwa sababu kitanda hakimhesabii siku. Glover hawezi kumtambia kwa pesa, basi anabaki kutamba kwa lafudhi. Weka mhasibu mlangoni na daftari lake, uone kama mzaha utafika hata dakika ya tano.

Mwaka wenyewe nao una maana. Januari 1979 wafanyakazi wa hospitali walikuwa miongoni mwa waliogoma wakidai mishahara. Mwezi Mei Margaret Thatcher akaingia madarakani, na mjadala wa nani alipie nini ukapamba moto. Hata ITV yenyewe ilikuwa imezimwa na mgomo tangu Agosti. Ilirudi hewani tarehe 24 Oktoba, na siku tano baadaye wagonjwa wetu wakaingia sebuleni kwa watu. Chappell hatoi hotuba ya siasa. Anawaonyesha watu watatu wakigombana juu ya mambo madogo madogo, kwa sababu lile kubwa lilishamalizwa mwaka 1948.

Kuna na nesi Gupte, Mhindi, aliyeigizwa na Derrick Branche. Figgis anamtania kwa asili yake, na baadhi ya utani huo leo unakera zaidi ya kuchekesha. Lakini ukweli ni kwamba NHS isingesimama bila watu kama yeye. Meli ya Empire Windrush ilifika na abiria wake kutoka Karibiani wiki mbili tu kabla ya huduma hiyo kuanza, na miaka iliyofuata wauguzi na madaktari wengi walitoka huko, India na Pakistan. Ukitazama vizuri, wakati watatu wale wanabishana, Gupte anafanya kazi.

Branche huyu, akiwa shuleni St. Peter's huko Panchgani, India, alipiga gitaa katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Mpiga piano wao alikuwa Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury. Dunia ndogo.

Nilipomaliza kuvitazama nilimkumbuka mgonjwa mmoja niliyemkuta wodini nilipokwenda kumwona ndugu. Alikuwa ameshapona, nguo zake amezifunga kwenye mfuko wa plastiki uliokaa kwenye mapaja. Nikampongeza. Akaniambia ana siku nne tangu daktari amruhusu, ila bili haijaisha, na huko nyumbani bado wanachangishana. Figgis alikataa kuondoka. Huyu wetu aliulizia lango la hospitali kila asubuhi.