Tarehe ya Skuli ya Mbweni

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akashika njia ya kusini, akapita Kiungani na kuteremkia pwani kabla hajafika Chukwani, hukuta kuta za mawe na chokaa zilizokwisha kupoteza dari zake, na kati yake kanisa dogo lisilo na paa. Hayo ndiyo mabaki ya skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Mbweni. Na ingawa wengi huyatazama kama magofu mengine ya kisiwa hiki, mimi huyahesabu kuwa ni katika maskani ya mwanzo ambamo mwanamke wa Afrika ya Mashariki alisomeshwa kwa kusudi la kuwa mwalimu, na kwa hiyo tarehe yake yastahiki kuandikwa kwa lugha ileile aliyosomeshwa.

Asili yake ni msiba. Wamisionari wa UMCA, chama kilichoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, walishindwa kudumu katika bonde la mto Shire baada ya kufa askofu wao wa kwanza, Mackenzie, mwaka 1862. Ndipo Askofu Tozer na Dokta Edward Steere walipohamia Unguja mwaka 1864. Hapo wakaanza kupokea watoto waliotekwa bara, wakapakiwa majahazini, kisha wakanasuliwa na manuwari za Kiingereza: watoto waliokuwa huru kwa sheria, lakini hawana baba wa kuwadai wala mji wa kurejea. Wavulana wakawekwa Kiungani, na mwaka 1871 likanunuliwa shamba la Mbweni, ili watu wazima waliokombolewa wapate pa kujenga na kulima, na wasichana wapate pa kusoma. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash aliridhia mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini magendo hayakukoma mara moja, na kila jahazi lililokamatwa liliweza kuleta wanafunzi wapya wa Mbweni.

Mwaka 1877 alifika Bibi Caroline Thackeray, aliyeiongoza skuli hiyo miaka ishirini na mitano, hata mwaka 1902, na baada ya kustaafu hakurudi kwao, bali alibaki Unguja mpaka mauti yalipomfika mwaka 1926. Chini ya uongozi wake wasichana walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu na Maandiko, na Kiingereza kwa waliotangulia mbele, pamoja na kushona, kupika na kufua. Na waliodhihirisha akili ya masomo walianza kuwafundisha wadogo zao wangali wanafunzi, hivyo ualimu wakauzoea kwa mikono kabla ya kuujua kwa jina. Tukumbuke kwamba miongoni mwao walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya ugenini. Wakaishika, wakaifanya lugha ya udugu wao, na wasiokuwa na kabila moja wakawa watu wa Mbweni.

Si haki, hata hivyo, kusifu tu. Wale walioonekana wazito wa masomo walitengwa katika upande wa kazi za mikono, na mipaka ya maisha yao ikawekwa mapema na watu wengine. Na katika ndoa, misheni ilikuwa na neno kubwa, kwani ilitaka wasichana wa Mbweni waolewe na vijana wa Kiungani, ili mwalimu apate mke anayesoma. Aliyeokolewa katika mikono ya bwana alijikuta chini ya ulezi mwingine, wenye huruma, lakini ulezi. Nasema haya kwa sababu mwanamke huyu amepitia mengi, na haki yake ya kwanza ni kuelezwa kama alivyokuwa, si kama wafadhili wake walivyopenda aonekane.

Na matunda ya ndoa hizo yalivuka bahari. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, aliwatoa Mbweni watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akawaongoza bara kuelekea Ziwa Nyasa, nao wakaishia kuweka mji Masasi. Hivyo Masasi, katika nasaba ya elimu, ni binti wa Mbweni. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo, mwaka 1890, alifanya kazi yake Chitangali, katika nchi ya Wayao, pamoja na mke aliyesomea Mbweni. Jina la mume limeandikwa katika kila tarehe ya kanisa; na mke, ambaye pasipo yeye nyumba hiyo ya kazi isingalisimama, hutajwa kwa nadra.

Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja, na masuria, waliobaki nje ya amri hiyo, wakaingizwa mwaka 1909. Watoto wa majahazini wakapungua hata wakakoma, na nguvu za misheni zikaelekea bara, ambako wanafunzi walikuwa na wazazi na vijiji vyao. Kufikia mwaka 1920 skuli ya Mbweni ilikuwa imefungwa. Serikali ilipokuja kufungua skuli yake ya wasichana Unguja mwaka 1927, ilihesabiwa kuwa ni mwanzo. Na kwa mabinti wa mji ulikuwa mwanzo kweli, lakini maili chache tu kutoka hapo ubao wa skuli ulikuwa umeandikwa na kufutwa kwa miaka zaidi ya arubaini.

Ilikuwa ada ya misheni kwamba abatizwaye apewe jina jipya, na mara nyingi lile alilokuja nalo likafuata nyuma yake. Msichana aliyefika Mbweni bila mama, bila nguo na bila lugha ya kujieleza, alikuwa na jina hilo la pili tu kutoka kwao. Miaka ikapita, akaolewa, akapelekwa bara kufundisha, na kutoka huko akawaandikia walimu wake barua za Kiswahili. Na chini ya barua, kwa mkono wake mwenyewe, akatia majina yote mawili.