Isaacs Fury: Ndege ya kivita iliyopunguzwa, ikajengwa kwa mbao

ISAACS Fury ni ndege ndogo ya kiti kimoja inayojengwa na watu binafsi kwa kufuata umbo la Hawker Fury, ndege ya kivita ya Uingereza ya miaka ya 1930. Vipimo vyake ni asilimia 70 ya vile vya ndege ya asili. Msanifu wake, John Isaacs, alikuwa mwalimu Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya ndege ya Supermarine. Ndege yake iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 30, 1963.

Hawker Fury ilisanifiwa na Sydney Camm. Ilipoingia jeshini mwaka wa 1931, ilikuwa ndege ya kwanza ya kivita katika kikosi cha anga cha Uingereza kupita kasi ya kilomita 320 kwa saa. Ilikuwa na mabawa yaliyopandana, moja juu na jingine chini, pua ndefu nyembamba, na injini ya Rolls-Royce Kestrel yenye nguvu za farasi 525. Anga ya Kenya pia iliwahi kuiona. Mnamo 1940, ndege za aina hiyo zilizomilikiwa na Afrika Kusini zililetwa humu nchini kupambana na Waitaliano, waliokuwa wakitawala Ethiopia na sehemu kubwa ya Somalia.

Kupunguza ndege si sawa na kupunguza picha. Urefu ukishushwa hadi asilimia 70, eneo la mabawa hubaki asilimia 49, nao ujazo asilimia 34 hivi. Rubani, hata hivyo, hapungui. Nakala ikiwa ndogo mno, mtu mzima hawezi kuketi ndani. Ikiwa kubwa mno, huhitaji injini ambayo mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuinunua.

Isaacs alitumia injini ya Walter Mikron yenye nguvu za farasi 65 pekee. Silinda zake nne zimepangwa kwa mstari mmoja, hivyo inatoshea katika pua nyembamba. Badala ya kiunzi cha chuma cha ndege ya asili, alitumia mbao na plaiwudi, kisha akavika kitambaa. Baadaye aliunda pia nakala ya Spitfire, iliyoruka mwaka wa 1975.

Michoro ya Fury iliuzwa kwa wajenzi wengine, ambao huhitaji zana za useremala na subira ya miaka. Mara nyingi mjenzi ndiye rubani, na kiungo kilichogundishwa vibaya kinaweza kumgharimu maisha. Kwa sababu hiyo, nchini Uingereza mkaguzi huchunguza kiunzi kabla ya kufunikwa kwa kitambaa, kwa kuwa baada ya hapo kasoro nyingi hazionekani tena. Ndege haipewi kibali cha kuruka kabla ya ukaguzi na majaribio kukamilika.