Ganda la Mua la Jana: Maduka ya Vyakula vya Kale katika Mji wa Gent

Wahenga walinena: ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Mwenye mua amekwisha kunyonya utamu akaenda zake. Chungu apitaye kesho yake hukuta mavuno. Mwanafunzi wa historia hatofautiani sana na chungu huyo. Wafalme wamekufa, vita vimekwisha, majeshi yametawanyika. Kilichobaki njiani ni maganda: kipande cha ukuta, jina la mtaa, desturi ya kula kitu fulani siku fulani. Aghalabu wasomi huyatafuta maganda hayo katika hati na makaburi. Mimi namwomba msomaji ayatafute pamoja nami mahali pasipofikiriwa sana, yaani katika maduka ya vyakula. Na mji niliouchagua ni Gent, katika nchi ya Ubelgiji. Lakini tangu mwanzo natoa onyo moja, nalo ndilo shina la maneno yangu yote: ganda lililobaki si mua wote. Duka la kale lililosimama hata leo si lazima liwe ndilo lililowalisha watu wa mji.

Gent umejengwa mahali mto Leie unapoingia katika mto Schelde. Jina lake la kale ni Ganda, nalo hudhaniwa kuwa neno la Wakelti lenye maana ya makutano ya mito. Halina nasaba na ganda letu la mua, lakini sadfa hiyo yapendeza. Katika karne ya 14 wanahistoria hukadiria kwamba mji ulikuwa na watu wapata 60,000, nao ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa kaskazini ya milima ya Alps. Wengi wao walifuma nguo kwa sufu iliyoletwa kutoka Uingereza. Mfumaji hawezi kula sufu. Mashamba ya kandokando hayakutosha vinywa vingi hivyo, kwa hiyo nafaka ililetwa kwa mashua kutoka kusini, katika nchi ambayo sasa ni Ufaransa ya kaskazini. Mji ukajipatia haki kubwa: mashua iliyopita na nafaka ililazimika kutia nanga na kuacha robo ya shehena yake humo. Kwenye gati iitwayo Graslei ipo hata leo ghala ya mawe, iliyojengwa yapata mwaka wa 1200, ambamo nafaka hiyo iliwekwa. Basi duka la kwanza la Gent, kama twaweza kuliita duka, lilijengwa na hofu ya njaa.

Hatua chache kutoka gati hiyo, karibu na uwanja wa Groentenmarkt, yaani Soko la Mboga, imesimama Groot Vleeshuis, Nyumba Kubwa ya Nyama, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1407 na 1419. Nia ilikuwa kuikusanya nyama yote mahali pamoja ili ikaguliwe: nyama iliyooza ijulikane, mizani itazamwe, na ushuru usipotee. Faida ya jambo hilo ni dhahiri; lakini amri hiyo hiyo iliwapa watu wa chama kimoja ufunguo wa mlango. Uanachama wa wauza nyama ulirithiwa toka baba kwa mwana, na mtu wa nje, hata angekuwa hodari namna gani, hakupewa meza. Ubavuni mwa jengo vilijengwa vibanda vidogo, na humo zilitolewa sehemu ambazo wenye nacho hawakuzitaka, kama vile matumbo. Maskini walikwenda huko. Hivyo nyumba moja ilikuwa na milango ya watu wa namna mbili. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 ilifunguliwa kuwa mahali pa kuonyesha na kuuza vyakula vya jimbo, na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi yakaning'inizwa chini ya paa lake la mbao. Macho ya mgeni huvutwa juu na paa hilo. Ni mgeni mwangalifu tu akumbukaye kuvitazama vibanda vya ubavuni.

Vyama vya mafundi havikudumu. Mwaka wa 1539 watu wa Gent walikataa kutoa kodi iliyotakwa kwa vita vya Kaisari Charles wa Tano, ambaye mwenyewe alizaliwa katika mji huo mwaka wa 1500. Mwaka wa 1540 alikuja na jeshi, akawanyang'anya haki zao, na kuwalazimisha wajumbe wa mji wamwombe radhi hadharani, wengine wakiwa na vitanzi shingoni. Vyama vikapunguzwa nguvu, lakini havikufa. Kifo chao kilikuja Wafaransa walipoiteka nchi na kuiunganisha na yao mwaka wa 1795. Toka hapo mtu yeyote aliweza kufungua duka kwa jina lake mwenyewe pasipo kukiomba chama ruhusa. Hii ni sababu moja ya kuwa vibao vya maduka ya kale aghalabu hutaja mwisho wa karne ya 18 au karne ya 19, wala havitaji karne ya 15. Kibao husimulia umri wa familia; hakisimulii umri wa chakula.

Tuingie sasa katika duka lenye kibao cha namna hiyo. Katika Groentenmarkt lipo duka la haradali la Tierenteyn-Verlent, lijitangazalo kuwa la tangu mwaka wa 1790. Ndani yake mna makabati ya mbao, saraka ndogo ndogo na mitungi ya udongo, kama duka la viungo la karne ya 19. Haradali yenyewe imo katika pipa la mti, na muuzaji huichota na kuijaza katika chupa aliyoichagua mnunuzi. Mbegu ya haradali ikiwa nzima haina ukali wo wote. Ukali huzaliwa mbegu inapovunjwa na kukutana na maji, kwa kuwa vitu viwili vilivyokaa mbalimbali ndani yake huchanganyika na kufanya mafuta makali yapandayo puani. Siki huushika ukali huo usipotee upesi, lakini haiwezi kuushika milele. Haradali isiyotiwa dawa ya kuihifadhi hupoa siku kwa siku. Basi mnunuzi huchukua kidogo, naye hurudi.

Nje ya duka, juu ya mikokoteni, huuzwa peremende ya zambarau yenye umbo la pia iliyopinduliwa. Jina lake ni cuberdon, na watu wa Gent huiita kwa mzaha pua ndogo. Juu ni ganda la sukari. Ndani ni shira nzito yenye ladha ya matunda madogo mekundu. Husimuliwa kuwa ilizuliwa katika karne ya 19 na mwuza dawa aliyeiacha shira yake kwa siku kadhaa, na aliporudi akaikuta imefanya ganda nje na kubaki laini ndani. Hadithi ni nzuri mno, na hadithi nzuri mno yafaa kushukiwa. Lakini yachukua ndani yake jambo la kweli, kwamba sukari ilikaa miaka mingi katika duka la dawa kabla ya kuingia mkononi mwa mtoto. Iliyoifanya iwe rahisi ni vita. Mwaka wa 1806 Napoleon alizifunga bandari za Ulaya zisipokee bidhaa za Kiingereza; sukari ya miwa kutoka visiwa vya ng'ambo ikaadimika, na watu wakajifunza kuitoa katika kiazi sukari cha mashamba yao wenyewe. Cuberdon nayo haina maisha marefu: baada ya wiki chache shira hugeuka kuwa chenga, na peremende huharibika.

Hapa twaona sababu ya maduka haya kuishi. Yamkini mtu atadhani yaliishi kwa kuwa chakula chake ni bora kuliko vingine vyote. Mimi nasema yaliishi kwa kuwa chakula chake hakiwezi kungoja wala kusafiri. Kiwanda kikubwa hupenda kitu kikaacho rafuni mwaka mzima. Haradali ipoayo na peremende igandayo humwachia mwenye duka dogo nafasi yake. Udhaifu wa bidhaa umekuwa ngao ya muuzaji.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kuwa habari hizi ni za mbali naye. Katika siku zinazotangulia sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba, waoka mikate wa Ubelgiji hufanya biskuti iitwayo speculoos, ambayo kwa desturi hukandamizwa katika vibao vya mti vilivyochongwa sura ya mtakatifu huyo. Ndani yake hutiwa mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika zama za Seyyid Said mashamba yake yakaenea Unguja na Pemba, hata visiwa hivyo vikawa vya kwanza duniani kwa kuiuza nje. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma aghalabu walikuwa watumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria huko mpaka mwaka wa 1897. Siwezi kumnyoshea kidole mwoka mikate mmoja wa Gent nikasema karafuu zake zilitoka Pemba, kwa kuwa karafuu haina kibao. Lakini hilo ndilo neno lenyewe: familia ya mwuza biskuti huandika tarehe yake mlangoni, na mchuma karafuu hana mlango wa kuandikia.

Wala waliosahauliwa hawakuwa ng'ambo tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Gent uligeuka kuwa mji wa viwanda vya pamba, baada ya Lieven Bauwens kuiba mashine za kusokota kutoka Uingereza na kuzivusha bahari kwa siri. Watu wakafurika kutoka mashambani. Mwaka wa 1845 ugonjwa uliviozesha viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Mwaka uliofuata mavuno ya nafaka nayo yakawa mabaya, wakati ule ule ambapo kazi ya kusokota kitani nyumbani ilikuwa ikifa. Flanders yote ikaingia katika njaa na homa. Katika miaka hiyo duka la haradali lilikuwapo. Lakini haradali ni kitoweo cha mtu ambaye tayari ana kitu sahanini.

Jibu la wafanya kazi halikuwa duka la familia, bali lilikuwa tanuri. Katika miaka ya 1870 baadhi yao walifanya ushirika wa kuoka mikate, na kutoka huo ukazaliwa ushirika mwingine ulioitwa Vooruit, maana yake Mbele, ambao Edward Anseele alikuwa kiongozi wake mkuu. Desturi yao ilikuwa hivi: mwanachama alinunua vyeti vya mkate kabla, na kila mkate aliupata kwa cheti, faida ya mwaka iligawanywa kwa kadiri ya mikate aliyonunua, naye aliitumia katika maduka ya ushirika yenyewe. Mwanachama aliyeugua alipewa mkate bure. Kutoka tanuri hilo zilitoka duka la dawa, duka la nguo, gazeti, na jumba kubwa la sherehe lililojengwa karibu na mwaka wa 1913. Yaani, faida ya mkate ilinunua nafasi ya kusoma na kucheza muziki kwa watu ambao baba zao walipigania matumbo ya ng'ombe.

Leo mgeni hawezi kuununua mkate huo. Mwaka wa 1934 benki ya wafanya kazi iliyofungamana na ushirika ilianguka, na akiba za watu zikaingia hatarini. Baada ya vita vya pili vya dunia maduka makubwa ya kisasa yakawavuta wanunuzi, na ushirika ukanyauka. Jumba la sherehe limebaki, nalo ni nyumba ya sanaa. Tanuri limezimika. Basi tazama hesabu hii: kilichowalisha maelfu hakikuacha duka, na kilichowaburudisha wachache kimebaki na kibao chake.

Sisemi haya ili kulitukana duka la haradali. Kuitunza kazi moja kwa zaidi ya miaka 200 ni jambo la heshima, na asiyeheshimu mikono ya fundi hafai kuandika historia. Nasema tu kwamba chungu mwenye busara, akisha kushukuru kwa ganda alilolipata, huuliza mua ulikuwa na urefu gani, nani aliulima, na nani aliunyonya. Twende madukani, tuonje, tusome vibao. Kisha tutembee mpaka vibanda vya ubavuni mwa Nyumba ya Nyama, tusimame hapo kidogo, na kuwahesabu wale wasioandikwa mlangoni.