Nani anashika funguo za hesabu?

Kwa miaka mingi, mama aliyeolewa hapa Murara, komini ya Karisimbi, aliweza kuuza makala na unga tangu alfajiri, lakini kutia saini ya mkopo bila ruhusa ya bwana wake hakuweza. Ilikuwa sheria. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilidai ruhusa hiyo. Asiyeweza kusaini deni lake angeketi vipi kwenye baraza la kampuni na kukataa hesabu za faida?

Ruhusa hiyo iliondolewa kwa sheria ya 15 Julai 2016. Katiba ya 2006 ilikwisha kuahidi usawa, ila kifungu cha 14 kinasema juu ya taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa, si makampuni. Nayo OHADA, ambayo Kongo iliingia 2012, inaelekeza namna ya kupanga hesabu, bila kuweka idadi ya wanawake barazani. Norway iliweka asilimia 40 tangu 2003. Wachunguzi kadhaa wameona kwamba penye wanawake barazani faida haipambwi sana. Wengine wanajibu, kwa haki, kwamba pengine kampuni safi ndiyo inayowaita wanawake.

Baraza ambalo mama wa Goma wanalijua vizuri ni AVEC. Mtindo huu wa kuweka akiba ulianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Makuta yanahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na salio la mkutano uliopita linatajwa kwanza. Hata asiyejua kusoma anashika hesabu kichwani.

Ila vita imeleta swali ambalo makampuni makubwa pia yanalikwepa. Benki za Goma zilifunga mwisho wa Januari 2025. Mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilivunjwa, watu wakatawanyika. Mkopo wa mama aliyerudishwa Masisi bila kulipa, je, bado ni mali? Kikundi kikiuandika kuwa mali, kinagawana faida isiyokuwepo. Kikiufuta, fungu la kila mwanamemba linapungua, na wa kwanza kuumia ni yule ambaye hana akiba nyingine. Wenye funguo wanapaswa kusema hilo kwa sauti, sanduku likiwa wazi, na mwenye deni hayupo.