Goma: Redio ya gari ikinyamaza, kosa si la antena kila mara

Mjini Goma, mashariki mwa DRC, magari mengi yenye usukani wa kuume yalitumika kwanza Japani. Redio zake nyingi husoma FM kutoka 76 hadi 90 tu. Dereva hutafuta Radio Okapi kwenye 105.2, haipati, kisha humlipa fundi antena mpya. Antena hubadilishwa, redio hubaki kimya.

Chanzo ni cha zamani. Japani ilianza kurusha televisheni mwaka 1953, na chaneli zake 1 hadi 3 zilikuwa kati ya megahezi 90 na 108. Redio za FM zikapewa nafasi ya chini yake, 76 hadi 90. Huku Congo, kama katika nchi nyingi, FM hufika 108. Televisheni hizo za zamani zilizimwa Japani mwaka 2011, na katika mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko la ardhi, mwaka 2012. Baadaye FM ya Japani ikapanuliwa hadi 95. Hata hiyo haifikii 105.2.

Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa. Kikipunguza 20, basi 105.2 husikika kwenye 85.2. Lakini kisanduku hutaka umeme wa gari. Waya wake ukikatika, redio hunyamaza kana kwamba antena imekufa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, mwenye gari aangalie kwanza mwisho wa namba za redio. Ikiishia 90 na hakuna kisanduku, antena haina kosa. Kama kisanduku kipo, umeme wake upimwe. Redio inayofika 108 nayo ikikoroma tu, plagi ya antena ichomolewe nyuma yake, na waya wa sentimita 75 hivi uingizwe katikati ya tundu lile. Stesheni zikirudi, redio ni nzima. Ubovu uko kwenye antena, waya wake, au pale inaposhika bati, ambapo kutu hukata mawasiliano. Zisiporudi mahali ambapo redio nyingine zinashika vizuri, fundi afungue redio yenyewe.

Jambo hili si la starehe tu. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, wakati nchi ilikuwa imegawanyika kwa vita, na husema Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Familia inayokimbia hubeba watoto, godoro na sufuria. Mara nyingi redio hubaki nyumbani. Njiani, sauti inayotoka katika gari lililosimama ndiyo inaweza kuwaambia kama mbele kuna usalama. Waya mmoja uliokatika unaweza kuwanyima habari hiyo wote waliosimama kando ya gari.