Jeraha Lisiloonekana

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii ya wahenga imebeba elimu ambayo matabibu wa ulimwengu walihitaji miaka mingi kuifafanua. Unyasi hauna sumu, na mtu anajua hivyo. Lakini mwili hushtuka kabla akili haijasema neno.

Jioni ya tarehe 30 Juni, 2023, katika njia panda ya Londiani, si mbali na Chepseon, lori kubwa lililokuwa likielekea Kericho liliacha njia, likayagonga magari, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Msiba wa namna hii huacha pia majeruhi wasiotoka damu. Mtu aliyeshuhudia na kuondoka salama huweza, baada ya miezi mingi, kusikia breki za gari, na mara moyo ukamwenda mbio na jasho likamtoka. Jirani humwambia, "Jikaze." Je, mtu huyu ni mwoga?

Swali hili limekwisha kugharimu roho za watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi walianza kutetemeka au kuwa mabubu ilhali hawakupigwa risasi. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari waliopotewa na kumbukumbu na nguvu za kuona baada ya mizinga kupasuka karibu nao. Hata hivyo, wakuu wengi wa jeshi waliuita ugonjwa huo woga. Askari 306 wa dola ya Uingereza waliuawa na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, na yaaminika kuwa baadhi yao walikuwa wagonjwa. Walisamehewa mwaka 2006, walipokuwa wamekaa makaburini karibu miaka tisini.

Na kumbe nuru ilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1889 Pierre Janet wa Ufaransa alieleza kwamba hofu kubwa mno huweza kuigawa nafsi, kumbukumbu ikajitenga kama chumba kilichofungwa ndani ya nyumba. Lakini ni mwaka 1980 tu, baada ya vita vya Vietnam, ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chake.

Njia nyingi za tiba zimetokea. Katika miaka ya 1980 Richard Schwartz, Mmarekani aliyekuwa akishauri familia, alifundisha kuwa nafsi ni kama jamaa ya watu wengi: mmoja hulinda mlango, mmoja hutaka kusahau, na mmoja bado analia. Mlinzi asifukuzwe, ashukuriwe, aulizwe anachokiogopa, kisha aelezwe kwamba hatari imepita. Peter Levine naye alianzia mwilini. Mgonjwa hufundishwa kuzisikia nyayo zake ardhini na pumzi yake kifuani, kisha huigusa kumbukumbu kidogo kidogo na kurudi penye utulivu, mpaka mwili utambue kuwa siku ile imekwisha.

Njia hizi mbili bado zinachunguzwa. Iliyo na ushahidi zaidi ni ile ya kuusimulia msiba kwa taratibu mbele ya msikilizaji aliyefunzwa. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Imvepi, Uganda, na matokeo yake mema yalitangazwa mwaka 2004. Lakini zote tatu zakubaliana katika jambo moja: maumivu hayaponi kwa kufukuzwa, bali kwa kusikilizwa.

Wahenga walisema pia, mwenye kovu usidhani kapoa. Yatupasa basi, tumwonapo mwenzetu akishtuka penye unyasi, tusimcheke wala kumhimiza asahau. Tumkalishe, tumsikilize, na tumwongoze kwa mwenye ujuzi wa kumtibu.